Wageni wa Aprili Mtoni Turkwel



Tangu tulipodokeza kwamba likizo ya Aprili tungeipitisha Turkana, dada zetu kadhaa wametuuliza, wengine kwa mzaha na wengine kwa huruma, ni kitu gani kimtoacho mtu kwenye upepo wa bahari kikampeleka yeye na wanawe hadi Lodwar. Jibu la kwanza ni la kifamilia. Dada yetu mdogo ni muuguzi Kakuma, na Idi ilimkuta kazini, mbali na mama yake. Tukaona kwamba ikiwa yeye hakuweza kuijia Idi nyumbani, basi sisi tumpelekee, pamoja na halua yake na kashata zake. Jibu la pili ni ndege. Juu ya ndege ndipo tunapotaka kukaa leo, kwa sababu walitufikisha kwenye jambo ambalo hatukulifuata huko, nalo lilituhusu jikoni mwetu wenyewe.

Mtoto yeyote wa pwani aliyekulia karibu na maji anawajua vitwitwi, wale ndege wadogo wa miguu myembamba wanaokimbiakimbia ukingoni mwa mawimbi maji yanapokupwa. Huonekana kwa wingi katika matope ya hori ya Mida kule Watamu, na penye mlango wa Mto Sabaki karibu na Malindi. Hufika kuanzia Agosti na Septemba, na ifikapo mwisho wa Aprili mtu hushtukia kwamba wengi wao hawapo. Wazee wetu waliijua kalenda ya namna hiyo bila ya kuwatazama ndege: majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Vitwitwi nao wana msimu wao wa kuja na wa kurudi, ila bandari yao ya nyumbani iko mbali zaidi. Wengi wao huenda kuzaa katika nchi za Aktiki, kaskazini kabisa ya Urusi, ambako kiangazi ni kifupi, mchana hauishi, na wadudu wa kuwalisha makinda ni wengi kupita kiasi.

Swali ambalo hatukuwahi kujiuliza ni hili: baina ya huku na huko, wanakula wapi? Ndege hana mkoba. Masurufu yake ni mafuta anayoyaweka chini ya ngozi, na ndege mdogo aliyejiandaa vyema huweza kukaribia kuwa na uzito maradufu kabla ya kuvuka jangwa au bahari. Tuchukue mfano wa kindege kimoja cha rangi ya majani yaliyokauka, chenye umanjano kifuani, kipendacho kuchokoa wadudu baina ya vijitawi vya mgunga. Uzito wake wa kawaida ni kama gramu 9, yaani vijiko viwili vya chai vya sukari. Wengine wa aina yake huzaa Ulaya ya kaskazini na wengine hufika Siberia. Husafiri usiku, wakiongozwa na nyota na kwa namna Mola wao alivyowajaalia kuuhisi usumaku wa ardhi, na kunapopambazuka hushuka popote penye mti na maji. Asipopata mti wala maji, hapana atakayemwona tena.

Sasa itazameni ramani. Kaskazini ya Kenya ni nchi kavu. Lodwar hupata mvua ya kama milimita 200 kwa mwaka, na Mombasa hupata zaidi ya mara nne ya hiyo. Mbele ya Turkana iko Ethiopia, kisha Bahari ya Shamu, na wengi hupita juu ya Bara Arabu, pengine juu ya paa za jamaa zetu walioko Maskati. Katikati ya ukavu huo wa Turkana pana mistari michache ya kijani: Mto Turkwel unaopita Lodwar, Mto Kerio, mito ya msimu kama Tarach unaopita Kakuma, na kwa upande wa mashariki ziwa lenyewe. Mwenye kutaka kuwaona wasafiri wa Aprili asimame kwenye mistari hiyo.

Safari ya basi kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha Kitale, kisha kuteremka Kapenguria na Marich hadi Lokichar na Lodwar haihitaji kusimuliwa. Walio na watoto wanaijua bila ya kuipanda. Tuliingia Lodwar jioni, joto likiwa bado limekaa juu ya kuta, tukapata nyumba ya kupanga kwa siku chache yenye ua na jiko. Kwa kuwa tulikuwa watu kumi na mmoja wenye njaa, jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa kutuma kijana atununulie gunia la makaa kando ya barabara. Yalikuwa makaa mazuri, mazito, yenye kushika moto. Pilau ya usiku ule iliiva vizuri, alhamdulillahi, na hapana aliyeuliza makaa yametoka wapi.

Jua la Lodwar huchomoza takriban robo saa baada ya jua la Mombasa, kwa kuwa mji uko magharibi zaidi, na hili liliwafaa watoto. Tuliswali Alfajiri, tukanywa chai ya rangi, na kabla ya joto kuamka tulikuwa ukingoni mwa Turkwel pamoja na kijana mmoja wa Kiturkana, mwanafunzi wa chuo na jirani wa mwenye nyumba. Alijitolea kutuongoza kwa sababu, alisema, hakuwahi kuona akina mama wa buibui wakiulizia ndege.

Mto huu huanzia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako huitwa Suam. Huko juu umezuiwa na bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1991, lenye ukuta wa urefu wa mita 153, kisha hushuka hadi hapa ukiwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kandokando yake pana msitu mwembamba wa migunga mikubwa na mikoma. Kuiona mikoma tulijihisi tumefika kwetu. Ni miti ya jamii ileile ambayo akina mama wa pwani hukata miyaa yake, wakaianika, wakaisuka ukili wa mikeka na makanda. Wanawake wa Kiturkana nao husuka vikapu vyao kwa majani hayohayo, na mmoja wetu ambaye hasafiri bila ya ukili wake mkononi alipata marafiki kabla hatujafika majini.

Ndege walikuwapo. Wenyeji wa kudumu kwanza, kwa makelele yao: kwenzi wa rangi za buluu na chungwa, hondohondo wenye midomo kama majembe, kwera waliotundika viota vyao kila penye tawi lililoinamia maji. Wageni huhitaji subira. Juu ya mto mbayuwayu, au barawai kama wasemavyo wazee wetu, walikuwa wakipita chini chini wakiokota wadudu hewani, wote wakielekea upande mmoja, kaskazini, bila ya kurudi. Watoto walianza kuwahesabu, wakafika mia mbili, wakachoka. Penye matope alitembea ndege mwembamba wa tumbo la manjano asiyeacha kutikisa mkia, ambaye binti yetu mdogo alimbatiza Bi Harusi kwa sababu ya mwendo wake. Mwingine wa kijivu, asiye na pambo lolote, alikaa kwenye ncha ya tawi, akaruka kumdaka nzi, akarudi kwenye tawi lilelile. Akafanya hivyo mara ishirini, nasi tukasimama kumtazama kama watu waliolipia. Huyo kijivu huzaa Ulaya na Asia. Kila nzi aliyemmeza alikuwa ni sehemu ya nauli.

Tukiwa hapo tulimwona mwanamke mzee akituangalia kutoka kivulini, mbuzi wake wakiwa nyuma yake. Kijana wetu akatunong'oneza kwamba tungepaswa kuanza kwake, kwani tumesimama kwake. Tukafadhaika, maana hatukuona ua wala mlango. Ndipo tulipofahamishwa juu ya *ekwar*. Kwa desturi ya Waturkana, misitu ya kando ya Turkwel si pori lisilo na mwenyewe. Familia huwa na sehemu yake ya ukingo wa mto, yenye miti yake inayojulikana, na wakati wa kiangazi kikali ni wao wenye haki ya kukusanya maganda ya mbegu za migunga yanayoanguka, ambayo huwalisha mbuzi nyasi zinapokwisha. Haki hiyo hurithiwa. Mgeni anaweza kupita na kunywesha wanyama, lakini hakati mti wa mtu.

Tukaenda kumwamkia, tukasema "Ejoka" kwa lafudhi yetu mbovu, akacheka, akajibu "Ejok." Tulimwomba radhi kwa kuingia bila ya hodi. Alipoambiwa tumekuja kuangalia ndege, hakustaajabu kama tulivyotarajia. Alinyanyuka, akatuongoza hatua kama hamsini hadi kwenye kisiki kipana cha mgunga, mti ambao wao huuita *ewoi*, kilichokatwa kisichopungua kimo cha goti, na majivu meusi yakiwa bado pembeni.

"Huu ulikuwa mkubwa kuliko yote," alisema, kijana akitufasiria. "Nilipokuwa msichana, mwezi kama huu, ulikuwa ukisikia kelele zake kabla hujauona. Ndege wa mvua walikuwa wakiujaza. Nilikwenda hospitali kukaa na binti yangu siku nne. Niliporudi nilikuta hivi."

Mmoja wetu akamwuliza ni nani aliyeukata.

"Vijana wenye njaa. Nawajua mama zao." Akanyamaza kidogo. "Lakini wao hawali makaa, wanangu. Makaa yananunuliwa mjini, na wageni ndio wanunuzi wazuri kwa sababu hawaulizi."

Hakujua lolote juu ya gunia letu, na hakulisema hilo kwa kutulenga. Tulitazamana. Tungeweza kunyamaza, na tunakiri kwamba baadhi yetu tulitaka kunyamaza. Aliyesema ni yule mkubwa wetu, ambaye hajapata kuweza kuficha kitu tangu utoto wetu. Akamwambia kwamba jana tulinunua gunia zima, na kwamba yalikuwa makaa mazito. Bibi yule akauliza tulilipa kiasi gani. Alipotajiwa, akapiga makofi kwa kicheko, akasema tumepunjwa. Kisha akatueleza, kwa upole ambao ulituumiza kuliko kukaripiwa, kwamba makaa ya mathenge yapo, ni membamba na vipande vyake ni vidogo, lakini yanapika chakula kilekile, na aliyeyachoma huwa hakatai kukuonyesha alikokata.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya mathenge, kwani sisi watu wa pwani tuna mkono katika habari yake. Ule mti wa miiba uliotapakaa Turkana, Baringo, Garissa na Tana si wa asili ya Afrika. Kwao ni Amerika. Kuingizwa kwake Kenya kunakojulikana zaidi ni kwa mwaka 1973, na mahali pake ni machimbo ya mawe karibu na Mombasa, ambako ulipandwa ili kuifufua ardhi iliyochakaa. Katika miaka ya 1980 ukapelekwa nchi kavu kwa nia njema, uzuie mchanga na upatikane kuni. Ukafanya hayo, na ukafanya zaidi. Mbuzi hula maganda yake wakaisambaza mbegu, ukaziba kingo za mito, ukakaba miche ya migunga na njia za mifugo. Tusiudhulumu: kwera hutaga humo na ndege wengine hujificha humo dhidi ya kozi. Lakini mgunga mkubwa wenye maua, wadudu, kivuli na maganda hauzibiki kwa kichaka cha mathenge, na mgunga uliokatwa leo hauwi mkubwa tena katika umri wa watoto wetu. Basi atakaye makaa Lodwar au Kakuma na ayatake ya mathenge. Huo ndio mti ambao ukikatwa hapana anayeulilia, na wapo wanaopata riziki yao kwa kuukata.

Siku ya tatu tulikodi gari hadi Kalokol, kiasi cha kilomita 60, kwenye ghuba ya Ferguson. Ziwa Turkana ni pana kiasi kwamba watoto waliuliza ni bahari gani, na maji yake yana magadi. Huko ndiko tulikowakuta vitwitwi wetu. Walikuwa kando ya maji, maelfu, wakila kwa haraka ambayo hatukuwahi kuiona Mida, vichwa vikishuka na kupanda kama sindano za cherehani. Baadhi walikwisha kubadilika mavazi: ule ukijivu wa baraste tunaoujua ulikuwa umegeuka wekundu wa kutu, ambao pwani hatuuoni ila mwishoni kabisa, kwani ndio mavazi yao ya kuzalia. Katika ziwa hili wamewahi kuhesabiwa vitwitwi wadogo wa aina moja tu zaidi ya 100,000. Walikuwapo pia heroe kwa mbali, mwari, na mnandi waliokausha mbawa zao juu ya mashua za wavuvi.

Ghuba hiyo ina historia ya kumfanya mtu asiwe na uhakika na kitu. Katika miaka ya 1980 ilikauka, ikaviacha vyombo vya wavuvi juu ya mchanga. Miaka ya karibuni, tangu 2019 na 2020, ziwa limepanda likayameza majumba ya hoteli za ufukoni. Kiasi cha asilimia 90 ya maji yake hutoka Ethiopia kwa Mto Omo, na juu ya mto huo lilizinduliwa bwawa la Gibe III mwaka 2016. Mbuga za taifa za ziwa hili, ambazo UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia mwaka 1997, ziliingizwa mwaka 2018 katika orodha ya zilizo hatarini. Mambo hayo ni ya serikali na serikali. Hatuna la kufanya juu yake tukiwa na sufuria mkononi, nasi hatukuja kujidai tunalo. Makaa ni yetu.

Kwa wenye nia ya kwenda, machache tuliyojifunza kwa gharama. Wakati bora wa kuona ndege ni baina ya Alfajiri na saa tatu asubuhi, kisha tena baada ya Alasiri. Katikati ya mchana hata ndege hujificha, na mama mwenye mtoto mchanga afanye vivyo hivyo. Buibui jeusi kwenye jua lile ni adhabu. Tulishukuru kuwa na nguo pana za rangi ya mchanga, mitandio ya pamba, na leso za kufunika mabega, na tukaona kwamba ndege nao hawatishiki na rangi hizo. Darubini moja kwa familia inatosha, ijapokuwa watoto watagombana. Ziwani msiwaache watoto wachezee ukingoni, kwani mamba wapo na hawana mzaha. Mto mkavu usiwadanganye: mvua ikinyesha mbali milimani, maji huja ghafla chini ya mbingu safi. Msipige picha za watu wala za mifugo yao bila ya kuomba. Na manati ziacheni nyumbani. Mtoto wetu mmoja alikuwa ameificha yake ndani ya begi la nguo, na mjadala uliofuata, tulipomkumbusha hadithi ya yule ndege aliyenyang'anywa makinda yake na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akaamuru arudishiwe, ulikuwa mrefu kuliko njia ya Kalokol. Hatimaye aliitoa mwenyewe.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 za lami. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi wa Sudan, makazi ya Kalobeyei yakaongezwa mwaka 2016, na leo wanaoishi humo ni zaidi ya watu 200,000 kutoka Sudan mbili, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Kambini hakuingiwi bila ya kibali, na dada yetu alikuwa ametushughulikia mapema. Tulimkuta amekonda. Hakulia mpaka tulipotoa halua.

Siku ya pili yake alitupeleka kunywa chai kwa mama mmoja wa Darfur aliyepata kumwuguza, na ambaye sasa ni kama mama yake wa pili. Uani kwake, chini ya mti mmoja mdogo wa mwarobaini, palikuwa na beseni la plastiki lililovunjika ukingo, lenye maji ya kina cha vidole viwili na jiwe katikati. Tulidhani ni la kuku. Tulipoketi mkekani akatuashiria tunyamaze.

Ndege aliteremka kutoka kwenye ukuta wa mabati: kifua cha rangi ya mdalasini, mbawa za milia nyeusi na nyeupe, mdomo mrefu uliopinda, na juu ya kichwa kilemba cha manyoya alichokifungua na kukifunga kama upepeo. Watoto hawakuhitaji kuambiwa. Walikuwa wamemsikia madrasa tangu wadogo, katika habari za Nabii Sulaiman na Malkia wa Sabaa zilizomo katika Suratun-Naml, lakini hapana hata mmoja aliyejua kwamba ni ndege wa kweli anayeweza kunywa maji mbele yako. "Hudhud," alisema yule mama kwa Kiarabu chake, na watoto wakasema "hudihudi" kwa Kiswahili chetu, na kwa mara ya kwanza tangu tufike hawakumhitaji mkalimani.

Hudihudi wapo waishio Afrika mwaka mzima, na wapo waliozaliwa Ulaya na Asia ambao hukaa kaskazini ya Kenya wakati wa baridi ya kwao, kisha hurejea. Huyu alikuwa wa kundi gani hatuwezi kuapa. Yule mama alikuwa na yakini yake: humwona kuanzia miezi ya baridi, na kila mwaka, mvua za kwanza zikikaribia, hutoweka. "Akitoka hapa anapita kwetu," alisema.

Tulimwuliza juu ya maji. Wote tuliona foleni ya mitungi bombani, na tulijua kwamba kila tone la beseni lile lilibebwa kichwani. Alieleza kwamba ni maji aliyooshea mchele asubuhi, na siku akikosa mchele hukata kikombe kimoja katika yake. Jirani yake aliwahi kumsema kwa hilo, kwamba anawanywesha ndege huku watoto wa watu wana kiu, na hakumlaumu jirani, kwani ana haki. Lakini alikuwa na shamba kwao, alisema, lenye miti ambayo mumewe aliipanda kwa sababu ya ile hadithi ijulikanayo, kwamba mti aulao ndege huandikwa sadaka kwa aliyeupanda. Mume hayupo tena, na miti hajui iko hali gani. Akaishia hapo, akamimina chai.

Dada yetu ndiye aliyetuuliza, jioni ile, tufanye nini na nusu ya gunia la makaa tuliyokuja nayo kutoka Lodwar. Kuyatupa ni israfu na hakuurudishi mti. Tukapikia. Ila kesho yake alitupeleka kwa kina mama wanaouza makaa ya mathenge pembeni ya Tarach, tukayaona magogo yenyewe yenye miiba yakiwa yamelundikwa, akawekeana ahadi na mmoja wao kwamba atakuwa akinunua kwake kila mwezi. Bei ni nafuu kidogo. Moto wake unataka kuchochewa zaidi, na maharagwe yalichelewa siku ile, na shemeji yetu mmoja alilalamika mpaka akapewa upepeo aupepee mwenyewe.

Tukirudi tulilala Lodwar usiku mmoja. Asubuhi, kabla ya basi, tulikwenda mtoni na kipande cha halua tulichomwekea yule bibi. Safari hii tulipiga hodi kwa mbali. Aliionja, akasema ni tamu kupita kiasi, akaifunga iliyobaki ndani ya nguo kwa ajili ya wajukuu. Aliuliza kama barawai wako kwetu pia. Tukamwambia wapo, lakini tulipoondoka nyumbani walikuwa wamekwisha kupungua.

"Hata huku," alisema, akitazama juu ya maji. "Tangu juzi."